Siku Walipoosha Ndagala

Kiongozi wetu alikuwa na filimbi. Naanza na filimbi kwa sababu ukimwondolea hiyo na soksi zake ndefu, habaki na kitu. Tulikuwa vijana wa kujitolea kutoka Tanganyika, uhuru wetu bado mbichi, na kanisa lilituvusha ziwa hadi Uvira kwa kiangazi kimoja, eti tukajenge chumba cha zahanati. Wakongo nao walikuwa na uhuru wao, ila wao walishaanza kuuonja uchungu wake. Kila siku habari zilishuka kutoka uwanda wa Ruzizi: waasi wameonekana huku, askari wamekimbia kule. Kiongozi alisema hizo ni porojo. Alizaliwa Dar es Salaam, na lolote lililosemwa mbali na Dar es Salaam kwake lilikuwa porojo.

Wenzangu walitoka Tabora na Dodoma, watoto wa nchi kavu. Mimi peke yangu nilitoka Kigoma, binti wa mvuvi, nimekua nikinuka dagaa. Kwa hiyo nililala nyumbani kwa mama mmoja mjane wa mtaa wa Songo aliyetupikia, pamoja na mama yake kizee na wajukuu zake. Wengine walilala kwenye mahema karibu na maji, kwa sababu kiongozi alipenda mahema.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuchimba choo kwenye njia ya kiboko. Mama alimwonya kwa heshima zote: "Shefu, hapa kiboko iko anapita." Bwana mkubwa akatabasamu kama mtu anayesikiliza mtoto, akapuliza filimbi, wakachimba. Haukupita muda, asubuhi moja tukakuta kuta za matete zimelala chifudifudi na nyayo mlangoni kubwa kama sufuria. Unadhani aliona haya? Wapi! Alisema nguzo zilikuwa nyembamba, akaamuru choo kijengwe upya, palepale. Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Kiboko naye hakumwangusha, alirudi.

Nisiseme uongo, nilikuwa na starehe zangu. Kuoga ziwani asubuhi maji yakiwa bado na uvuguvugu. Samaki aina ya mukeke aliyechomwa mkaani, mwenye mafuta yanayotiririka mpaka kwenye kiwiko, na bugali wa muhogo, na pilipili inayokutoa machozi. Kiongozi alimla mukeke kwa uma, akitenga ngozi pembeni. Ngozi! Niliichukua kwenye sahani yake bila kuomba.

Lakini starehe yangu kubwa ilikuwa kumsaidia mama kuanika dagaa, wao huita ndagala. Tulizitandaza mchangani tangu asubuhi, tukazigeuza jua likipanda, tukafukuza kunguru. Nilidhani ni za kuuza, nikaanza kumuuliza bei. Mama akanikatiza.

"Hii si ya soko, mutoto yangu. Watu ya mapigano wakifika, minye na mama yangu na batoto tutapanda kule juu milimani. Kule njiani hatuwezi kuwasha moto, moshi itaonekana. Ndagala unatafuna tu, unatembea."

Alisema hivyo huku anageuza samaki, sauti ileile ya kuulizia chumvi. Akaniambia pia kwamba mwezi unakaribia kujaa. Hilo nililijua tangu utotoni: mbalamwezi ikitanda, samaki hawafuati taa, na wavuvi hukaa nyumbani. Zile zilizokuwa mchangani ndizo zilikuwa za mwisho kwa muda. Nilimweleza kiongozi jioni ileile, neno kwa neno, nikamwomba vijana wake wasizikanyage. Akaitikia, "Naam, dada, naam," macho yake yakiwa kwenye ratiba yake.

Kesho yake ndagala zilikuwa zimebakiza jua la siku moja tu. Tulimwacha kizee alinde kunguru, mimi na mama tukaenda sokoni kutafuta muhogo. Tuliporudi tukasikia filimbi kutoka mbali. Ilikuwa Siku ya Usafi.

Walikuwa wamezizoa zote. Zote! Walizitumbukiza ziwani kwa makarai, wakazisugua, wakazirundika zikiwa zinachuruzika maji, halafu wakazifunika kwa mablanketi. Kizee alikuwa amekaa chini analia. Alipojaribu kuwazuia walimshika mkono kwa upole na kumketisha kivulini. Kiongozi alitupokea suruali imekunjwa magotini, uso unang'aa.

"Mama, tumekuondolea mchanga wote! Na nzi hawatazigusa tena."

Mama alitua muhogo. Akafunua blanketi, akatia mkono, ukatoka na uji wa kijivu. Hakupiga kelele. Aliniuliza mimi, si yeye: "Ule muntu, haiko na mama kwao?"

Kelele nilipiga mimi. "Dagaa wanaanikwa, hawaogeshwi! Mchanga unapepetwa wakishakauka, mtu mzima hovyo wee! Si nilikwambia ni za nini?"

Akanikunjia uso. "Dada, taifa huru haliwezi kula mchanga."

Jamani. Mpaka leo nikikumbuka sentensi ile mkono unaniwasha. Tulizitandaza upya, tukazitenganisha moja moja, vichwa vikabaki vidoleni. Kesho yake zilinuka kiasi kwamba mbwa walizinusa wakaenda zao. Usiku ziwa likawa jeupe kwa mbalamwezi, na hakuna mtumbwi uliotoka. Mama alizunguka kwa majirani kuomba, lakini kila aliyekuwa na ndagala alikuwa na watoto wake wa kukimbia nao. Kiongozi alimwambia asihangaike, porojo zitapita.

Porojo zilifika kabla mwezi haujapungua. Tuliamshwa na milio ya bunduki kutoka upande wa uwanda, na kulipopambazuka boti ya misheni ilikuwa inatungoja. Kiongozi alipuliza filimbi, safari hii pumzi zikimkatika, akaanza kupakia mafagio na makarai. Mafagio! Mimi nikavuta gunia la mchele wetu, lenye msalaba mwekundu ulioshonwa ubavuni, nikamburuzia mama. Alikuwa amesimama na mjukuu mgongoni, kizee ameshika fimbo. Kiongozi alipiga kelele kwamba ule ni mchango wa waumini.

Mama aliutazama ule mchele, akanitazama mimi, akanishika shavu.

"Mchele iko nataka sufuria, mutoto yangu. Iko nataka maji, iko nataka moto."

Akanirudishia. Akachukua kifuko cha chumvi tu, akakifunga kwenye ncha ya kitenge, wakaondoka kuelekea milimani. Nilitaka kuwafuata. Wakanivuta nikaingizwa botini, na gunia nalo.

Kigoma walitufanyia sherehe. Kiongozi alisimama, soksi zimepandishwa, akaeleza jinsi tulivyowafundisha wenzetu usafi. Watu wakapiga makofi, halafu wakapakua chakula. Pale jikoni nililiona gunia limekunjwa, msalaba mwekundu kwa juu. Yeye aliongeza sahani, akasema wali umeiva vizuri. Mimi nilikaa nimeangalia kaskazini, ambako mama alikuwa anapanda mlima na watoto, na hawana cha kutia mdomoni ila chumvi.