Jicho Nililolitibu kwa Kusimuliwa

Biashara ilipoachiwa huru na maduka ya dawa yakafunguliwa kila mtaa, niliacha zahanati ya Mlali nikakubali kuuza dawa katika duka moja la Mafiga. Heri ningeikataa kazi ile. Kaunta ilikuwa na wavu wa chuma, mteja akisimama upande wa pili.

Kabla ya Mlali, nilianzia kazi katika zahanati ya Ngerengere, karibu na reli. Siku ya kwanza Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alimkalisha mama mmoja mbele yangu.

"Ana nini?"

"Macho mekundu, Mzee."

"Hilo hata dereva wa treni ameliona akipita. Nawa mikono, mgeuze atazame dirishani."

Akanionyesha kushusha kope ya chini kwa kidole gumba. Katika maambukizi ya kawaida, alisema, jicho huwasha na kutoa tongotongo, asubuhi kope huwa zimegandana, na mara nyingi huanza jicho moja likafuata la pili. Mgonjwa akishapangusa, huona vizuri.

"Akipangusa na bado anaona ukungu, au mwanga unamuumiza, usijifanye fundi. Hospitali, leo hii."

Agizo hilo nililifuata miaka yote ya Ngerengere na Mlali. Kule Mafiga niliomba kiti cha wagonjwa. Mwenye duka akacheka.

"Daktari, hapa watu wanasimama. Ukimkalisha, atakusimulia na magoti ya bibi yake."

Sikuomba tena. Nikazoea kusikiliza na kutoa dawa.

Asubuhi moja akaja kijana jirani wa dada yangu Tausi, kutoka Mlali.

"Shikamoo, Daktari. Dada Tausi kanituma dawa ya macho. Yamekuwa mekundu."

"Marahaba. Yanatoa tongo?"

"Sijaona. Kajifunika kanga usoni, anasema mwanga unamchoma."

Nilisikia vizuri kabisa. Nyuma yake walikuwa wamesimama watu watano.

"Huyo kudeka ndiyo kawaida yake tangu utoto," nikasema. Nikampitishia tyubu ya mafuta ya macho chini ya wavu.

Kilikuwa kidonda kwenye kioo cha jicho, ule utando angavu ulio mbele ya mboni. Tausi alipaka mafuta yangu wiki nzima bila kwenda kokote, kwa sababu kaka yake ndiye aliyempa. Alipofikishwa hospitali, doa jeupe lilikuwa limeshaiziba mboni.

Dada yangu alipoteza jicho la kulia. Mimi nimestaafu, naye siku hizi akiumwa haniambii.