Nishani Tuliyoibusu Sikukuu

Jirani yangu wa hapa Ibra, Uarabuni, mzaliwa wa Unguja kama mimi, kazikwa Jumatatu baada ya sala ya alasiri. Mema yake yamesemwa msibani, nami siyakanushi. Kuna moja halikusemwa, nalo nitalisema mimi.

Alikuwa na nishani ya fedha, babu wa babu yake alipewa na Wazungu kwa ushujaa wa vita huko bara, zaidi ya miaka mia nyuma. Kila sikukuu majirani tukikusanyika ukumbini kwake, watoto waliibusu kwanza, ndipo wakapewa halwa. Huku mzee anawasimulia: askari walifika alfajiri, wakatia moto nyumba za nyasi, na babu huyo akasimama mlangoni na upanga, kila anayetoka anamkata. "Mpaka mkono ukamvimba!" Watoto wanacheka. Sisi tunakunywa kahawa.

Sikukuu moja kahawa ilimiminwa na mfanyakazi wake, mwanamke wa makamo kutoka Tanzania bara. Mzee akamnyooshea nishani.

"Nawe busu, upate baraka."

"Nisamehe, baba. Hii siibusu."

"Ala! Kwa nini?"

"Hadithi hiyo hata kwetu inasimuliwa. Ila sisi tulikuwa ndani ya nyumba."

Bakora ikamfika mdomoni. Jino likaangukia sinia ya halwa, damu ikamchuruzika mpaka kifuani. Mzee akainyanyua tena, akampiga ya bega, ya kichwa. Wanaume watatu walikuwapo, hakuna aliyemshika mkono. Niliyefungua mdomo ni mimi, na heri ningenyamaza. "Busu tu, mwanangu, yaishe." Akanitazama, akaokota jino lake, akatoka. Wiki haikwisha, akarudi kwao.

Mwezi uliopita mzee, hawezi tena hata kugeuka kitandani, aliniita. "Nitafutie yule mwanamke. Nataka radhi kabla sijafa." Nikampata kwa simu, nikaongeza sauti tusikie sote. Mzee akaomba huku analia.

"Jino langu nimekusamehe, baba. Wale wa ndani ya nyumba siwezi kuwasemea." Kisha akauliza: "Na bi mkubwa aliyeniambia nibusu, yupo hapo? Yeye hataki radhi?"

Nikamtaka radhi palepale. Akasema atafikiri. Mpaka leo hajanijibu, na ni haki yake.

Nyinyi wenye wajukuu, msiwafundishe kuwa kumkata mtu anayekimbia moto ni ushujaa. Ushujaa sikukuu ile ulikuwa kuizuia bakora, na mimi nilikaa hatua mbili tu kutoka pale.