Katriji ya Kuchuma Chai

Mama alipoanza kusahau, hakusahau chai. Jioni alijitwika kikapu mgongoni, akatoka kwenda kuchuma gizani, na mimi nyuma yake na tochi, tukigombana katikati ya mistari ya michai hadi majirani wanapunguza redio ili wasikie vizuri.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Kiptere kwa muda tu. Kazi yangu ni kutengeneza vyombo vya elektroniki, na karakana moja ya Eldoret ilikuwa imenipa nafasi, inanisubiri. Kaka zangu wawili walioko Nakuru walikubali tupokezane kumtunza Mama: mimi kwanza, kisha wao. Nikaamini. Mimi huamini upesi, na kukasirika upesi zaidi.

Chini ya kitanda kulikuwa na kompyuta ya zamani ya marehemu Baba, ile ambayo ni kibodi nene tu unayoiunganisha na televisheni. Aliachiwa na meneja wa shamba la chai alikokuwa karani. Unaichomekea katriji, kisanduku chenye chipu iliyobeba programu, nayo inaanza papo hapo. Katriji za Baba zote zilikuwa zimekufa. Nikaamua kutengeneza yangu, ya Mama peke yake.

Nilikata kibao cha saketi, nikachonga meno ya shaba ukingoni, nikalehemu soketi ya chipu. Chipu yenyewe ilikuwa ya aina ya zamani, ina kidirisha cha kioo, na jua likiingia humo kwa muda mrefu linafuta kila kitu. Nikakiziba kwa karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya majani chai. Kasha lilikuwa kile kisanduku cha plastiki cha kuwekea sabuni. Programu ilikuwa rahisi: mistari ya kijani, mkono na kikapu. Ukibonyeza, mkono unachuma majani mawili na kichipukizi. Kikapu sikukiwekea mwisho. Nilitaka Mama akae ndani.

Na kweli akakaa! Mama aliweka kibodi mapajani akachuma jioni nzima, na mimi nikanywa chai ikiwa bado moto. Kwa furaha nikampigia kaka mkubwa kujisifu. Sijui nani alinituma.

"Kumbe umepata dawa," akasema. "Sasa hiyo mambo ya zamu ni ya nini? Wewe ndio unajua hiyo mashine. Sisi huku tutamsumbua tu."

"Na kazi yangu ya Eldoret?"

"Kazi utapata tu ingine. Mama ni mmoja."

Nilikata simu kwa hasira. Nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe, tena kwa ufundi wa hali ya juu.

Haikuchukua muda, Mama akaanza kulia huku akichuma. Hakutaka ugali, hakutaka kulala, vidole vikamvimba.

"Hii kikapu haijai," aliniambia. "Karani ataenda na mizani yake, na mimi sijamaliza."

Nikaona aibu. Mchumaji huchuma ili apimiwe, kisha aende nyumbani. Mimi niliyelelewa na majani hayo nilimnyima mama yangu mizani, kwa sababu nilitaka kupumzika.

Nikabandua ile karatasi, nikaanika chipu juani ifutike. Chipu nzima niliyokuwa nayo ilikuwa hiyo moja tu. Huku kwetu mvua haikosi mchana, kwa hiyo jua nililipata kwa kuibia. Siku zikapita, Mama akarudi kwenye mistari yake gizani, mimi na tochi nyuma. Katikati ya hayo karakana wakapiga kuuliza kama bado naja. Nikawapigia kaka zangu, hakuna aliyeshika simu. Nikawaambia watu wa karakana wampe mwingine nafasi hiyo. Halafu nikaenda zizini nikalia, ng'ombe ananitazama tu.

Chipu ilipofutika, nikaiandika upya. Safari hii kikapu kilijaa, mizani ikatokea, na skrini ikazimika.

Mama alichuma bila haraka. Majani yalipopimwa, alishusha pumzi, akaweka kibodi kando, akajifunga leso vizuri. Kisha akanigeukia kama vile mimi ni mtu aliyemkuta kwenye foleni ya kupima majani.

"Chamgei," akanisalimu. "Mimi wamenipimia, naenda nyumbani. Na wewe msichana, bado?"

"Bado," nikamjibu.

"Pole. Na hakuna mahali wanakungoja?"

"Walikuwa wananingoja," nikasema. "Wamechoka."

Akanitazama kwa huruma ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu aanze kunisahau. Akafungua leso, akaketi tena kando yangu.

"Basi nitakaa na wewe," akasema. "Giza imeingia. Si vizuri ubaki hapa peke yako."