Vazi Lililomkirihi Zubeida

Miaka haimshtui mwanadamu. Humla taratibu, kama mchwa alavyo nguzo, hata siku moja nyumba ikaegemea upande. Zubeida binti Ossufo alizaliwa wakati Mreno angali akitawala pwani ya Palma, akaolewa vita vya uhuru vilipokwisha, akamzika mumewe baada ya vita vya pili. Na katika vipindi vyote hivyo shamba lake la muhogo na minazi lilikuwa pale pale, nyuma ya ufuko. Kisha zikavuma habari kwamba chini ya bahari imeonekana gesi. Vikaja vigingi, wakaja wapimaji. Na uzee ulipomfikia magotini alikuwa amekwisha kuhamishiwa Quitunda, kijiji kipya cha waliohamishwa, katika nyumba ya matofali ambayo bati lake hutokota mchana kutwa.

Shamba aliloahidiwa lilikuwa bado kukabidhiwa. Alichokuwa nacho ni matuta machache katika bustani ya mafunzo ya mradi wa gesi, kando ya tangi la maji, naye aliyashikilia kwa kucha na meno, kwa maana bila hayo hakuwa tena mkulima, bali mtu aliyewekwa mahali.

Katika kulima alikuwa na adabu yake, aliyoirithi kwa mama yake. Asubuhi alisugua kijiti cha msiro juu ya jiwe kwa maji kidogo, akajipaka uso mpaka ukawa mweupe, jua lisimwunguze. Alivaa gauni pana la pamba lililofuliwa miaka mingi hata likawa laini kama jani changa la mgomba. Leso kuukuu alijifunga kiunoni, na nyingine aliichovya majini, akaikamua, akajitanda kichwani na mabegani. Upepo ulipopita katika leso ile yenye unyevu, mwili ulipoa. Stara ilitimia, na jasho lilipata njia ya kutokea.

Mwezi wa Rajabu ulipoingia, jua likichoma baina ya mvua na mvua, msimamizi wa bustani akagawa mavazi. Jina lake Eusébio, kijana wa Kimakonde kutoka Mueda. Yalikuwa maovaroli ya rangi ya chungwa, kitambaa kizito kinachong'aa kama nailoni, zipu kutoka kitovuni hadi kooni. Akasema wageni wa mradi watapita kupiga picha. Atakayeingia bila vazi, matuta yake atapewa mwingine.

Zubeida akafungua mfuko wake, akarudisha uso nyuma. Lilinuka mafuta ya taa na samaki aliyesahauliwa ndooni. Wala halikuwa jipya: kwapani mlikuwa na madoa meupe ya chumvi, na kwenye ukosi taka zilikuwa zimeganda kama magamba. Mate yakamjaa kinywani.

"Astaghfirullah! Jasho la nani hili?"

"La aliyekutangulia," akasema Saquina, jirani yake wa matuta. "Shukuru hakusahau na mguu humo ndani."

"Mimi, mjukuu wa mwalimu wa chuo cha Kurani, nivae suruali inigawanye makalio mbele za watu?"

"Wareno wenyewe wanaiita fato-macaco, nguo ya nyani. Vaa, shoga, tukapande miti."

Wanawake wakacheka, Zubeida hakucheka. Alilifua kwa sabuni, akalirudia kwa majivu, na uvundo ukabaki. Lakini matuta aliyataka. Ndipo akatunga hila ambayo wanawake wa pwani wote waliiona kuwa busara: leso ndani, mwili usiguswe na kitambaa kile, ovaroli juu yake, kisha leso mbili juu ya ovaroli, moja kiunoni kuficha suruali, moja kifuani. Heshima ikapona, matuta yakapona. Hakuna aliyeuliza mwili utaponaje.

Binti yake Rachida, aliyelima naye, alikuwa amefunga siku ya kwanza walipovaa hivyo, akilipa deni la Ramadhani iliyopita. Leso zile alifungwa na mama yake mwenyewe, kwa mafundo.

"Mama, unanivundika kama ndizi. Adhuhuri nitakuwa nimeiva."

"Iva kwa heshima," Zubeida akamjibu, akakaza fundo.

Wakalima. Jasho lilitiririka ndani likakosa pa kutokea. Likashuka hadi kwenye viatu vya mpira, hata kila hatua ikatoa mlio wa matope. Na jasho la yule mtu asiyejulikana likafufuka, likapanda hadi puani mwa Zubeida pamoja na lake. Jasho si najisi, wanazuoni wamesema. Lakini kinyaa hakingoji fatwa. Alikuwa akitema mate pembeni mwa tuta alipomwona Rachida amesimama, jembe limeshuka, uso mkavu kabisa. Kisha akaanguka juu ya mchicha.

Zubeida akamfikia. Zipu ilikuwa imeuma leso ya ndani, haikwenda mbele wala nyuma. Mafundo yalikuwa yamelowa na kukaza. Kikombe cha maji kilipofika midomoni, Rachida akanong'ona, "Nimefunga, mama."

"Fungua! Siku hii utailipa. Mungu hakumfaradhishia mtu kufa ndani ya gunia."

Wanawake wakasimama duara, wakatandaza leso zao kuwa pazia. Zubeida akaunyakua mundu wa Saquina, akakata mafundo, kisha akalipasua vazi toka kooni hadi kiunoni. Likatoka joto lenye kunuka, kama chungu cha dagaa waliooza kilichofunuliwa. Wakambandika leso mbichi shingoni na kifuani. Akanywa, akatapika, akanywa tena, akafumbua macho.

Eusébio alisimama nje ya pazia, amewapa mgongo, naye akitota ndani ya ovaroli yake. "Mama Zubeida, tumshukuru Mungu. Lakini vazi hilo nitaulizwa mimi."

"Waambie nimelikata mimi."

"Watachukua matuta, mama."

"Wachukue."

Akalivua na lake palepale nyuma ya pazia, akalinyanyua kwa kijiti kama mtu aondoavyo panya mfu, akalitundika kwenye uzio wa bustani. "Lako hili, mwanangu. Ukilishika, nawa."

Nyumbani, alipokuwa akimwogesha bintiye, akaona alama za mafundo zimechorwa kuzunguka kiuno chake. Alizijua, ni za mkono wake. Kichefuchefu kilichompanda hapo kilikuwa kikali kuliko cha ukosi ule mchafu.

"Nimekuuza kwa mchicha," akasema.

"Na mchicha wenyewe una wadudu, mama."

Matuta alipewa mwingine. Zubeida akaanza kulima nyuma ya nyumba, katika vipande vya matofali na saruji iliyoganda, gauni lake mwilini na leso yenye maji mabegani. Bamia zilizoota zilikuwa haba, zimepinda. Alizipika, Rachida akala, naye akamtazama anavyokula.

Ewe Mola uliyeumba kivuli na jua, mfinike Zubeida binti Ossufo kwa stara yako, umsamehe alilolikaza kwa mapenzi na khofu. Mpe Rachida afya na uzao mwema, umrehemu mume aliyetangulia, uwape jamaa zao ardhi ambako hawatafukuzwa. Na siku isiyo na kivuli ila chako, wote uwaweke ndani yake. Amin.