Mganga Aliyefunga Kasha la Sindano

Jumanne nilimsindikiza jirani yangu, mama wa Kikongo anayefanya kazi ghalani, kwenye somo la kujikinga na kiharusi katika kliniki ya tiba ya jadi ya Kikorea, hapa mjini Carrollton, ughaibuni. Presha yake hupanda, na pale watu hufundishwa kujikanda mikono na kupunguza chumvi, na kuchomwa sindano nyembamba za tiba. Mganga, bibi wa Kikorea, alituambia tuinue mikono yote miwili, kupima dalili za kiharusi. Mkono wa kushoto wa jirani ukashuka wenyewe.

"Ni uchovu tu," akasema. "Mwambie anichome sindano zake haraka, dada. Saa nane niko na kazi."

Nikatafsiri kwa Kiingereza. Bibi akafunga kasha la sindano, akaita ambulansi.

"Hapana. Hospitali, sasa hivi."

"Na kazi yangu?"

Bibi akapiga magoti, akamlegezea kamba za viatu, akaushika mkono ule uliolegea mpaka ambulansi ikafika.

Daktari wa hospitali alisema ni kiharusi kweli, ila tuliwahi. Kanisani wananicheka: mganga gani huyo anayeshindwa kutibu? Haya, chekeni. Ni mganga anayejua dawa yake inaishia wapi, na Jumanne ijayo nampelekea mama yangu mzazi.