Goreth na Mpelelezi Wake

"Nani amesema mimi ni mpelelezi? Aje aseme mbele ya macho yangu, asisemee nyuma ya pazia!"

Goreth alikuwa amesimama juu ya ngazi za jengo letu la Albert Park, Durban, kitana kimechomekwa kwenye nywele, mafuta mikononi. Chini yake, pale ngazi zinapopinda, alikaa Joséphine na beseni lake la ndagala. Joséphine hakuinuka. Anayeuza samaki wakavu kwenye ngazi hana haja ya kumfuata mtu. Wote lazima wampitie.

"Mimi nilisema niliyosikia," alijibu. "Na yalitoka kinywani mwako weye mwenyewe. Si ulisema, 'Mpelelezi wangu ananingoja nyumbani'?"

"Nilisema."

Waliokuwa wakipanda wakasimama. Waliokuwa wakishuka nao wakasimama.

"Munasikia? Amekubali."

"Ni mtu wa kitabuni, Joséphine!"

"Kitabu gani kinangoja mtu?"

"Estella amenitoka kwenye kiti sasa hivi, kichwa nimekisuka nusu! Nusu! Nakudai neno moja tu, uniombe msamaha hapa hapa, watu wasikie."

"Nikuombe msamaha kwa kuwa na maskio? Lisemwalo lipo, dada," Joséphine akasema, akapindua ndagala zake kwa kiganja kama anayelaza mtoto.

Goreth angenyamaza hapo, mambo yangekwisha mapema. Badala yake alikimbia saluni, akarudi na kitabu chenyewe, akakiinua juu watu wakione. Kwenye jalada kulikuwa na mwanamke mnene aliyevaa koti la kiume, ameshika taa, na nyuma yake ukungu mtupu. Joséphine alikitazama bila kukigusa.

"Eish. Kumbe na picha yake iko. Serikali yenu inachapisha vizuri."

Watu walicheka, kisha wakakumbuka kuogopa, wakatawanyika.

Ilikuwa Juni 2015. Asiyekuwa Mrundi mwaka ule anaweza kuona huu ni mzaha. Bujumbura ilikuwa imechafuka, watu wanavuka mipaka na vitanda kichwani, na hapa Durban kila Mrundi alimpima mwenzake kwanza kabla ya kumtajia mtaa alikozaliwa. Ilisemekana iko watu wanaopeleka majina nyumbani. Nani anapeleka, na anampelekea nani, hakuna aliyejua, na ndiyo maana kila mtu aliamini. Tena miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu tujifungie ndani kwa kuogopa marungu ya waliokuwa wakiwawinda wageni mtaani. Mtu mwenye hofu mbili hana nafasi ya kuuliza maana ya neno.

Na neno lenyewe! Kwenye makanisa yetu wapelelezi ni wale kumi na wawili aliowatuma Musa wakaichungulie Kanaani, na wale wawili Rahabu aliowaficha juu ya dari. Mpelelezi ni mtu aliyetumwa kuangalia nchi ya wenzake kabla haijavamiwa. Kwamba iko aina nyingine, anayetafuta tu nani ameua, tena hajatumwa na mtu, huyo hatukuwa naye.

Goreth alikuwa naye tangu Bluff. Alizaliwa Rumonge, kando ya ziwa, akaishia darasa la sita kwa sababu baba yake aliona darasa la saba ni la wavulana. Alifika Durban mwaka 2008 akapata kazi ya ndani kwa bibi mmoja wa Kizungu, mjane, aliyekaa huko Bluff, kilimani juu ya bandari, na macho yake yamekwisha. Kazi ilikuwa kufua na kupika. Lakini jioni bibi alimkalisha chini na kumpa kitabu amsomee kwa sauti. Goreth hakujua Kiingereza. Alisoma hivyo hivyo, kwa matamshi ya Kifaransa, haelewi hata mstari, na bibi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamsahihisha neno kwa neno. Miaka mitatu walisoma vitabu vya mauaji tu, vya Uingereza, vya nyumba kubwa zenye baridi na mvua isiyokatika. Ndicho Kiingereza alichokipata. Hata leo akitaka kushuka kwenye taxi, zile basi ndogo za hapa, hapigi kelele kama sisi. Humwambia dereva "I beg your pardon" kwa sauti ya mtu aliyekatizwa chai, na taxi nzima hugeuka.

Bibi alipopelekwa kwenye nyumba ya wazee, alimwachia vitabu vyote ndani ya boksi la ndizi. Watu wengine wa kazi za ndani waliachiwa friji.

Aliyempenda kupita wote katika vile vitabu ni Winifred Pask, ambaye Goreth alimwita Vinifreda. Si polisi. Ni fundi wa piano. Hana mume, ana viatu vya kiume, anakula amesimama, na anaendesha baiskeli kwenye tope la nchi moja tambarare ambako ukungu hautoki kabla ya saa sita. Anaitwa kwenye nyumba kulinganisha nyuzi za piano. Anainamisha kichwa ndani ya lile sanduku na watu wanamsahau. Wanagombana, wananong'ona, wanafunga milango. Akiinua kichwa, anajua.

Mtu anayesuka nywele lazima ampende mtu kama huyo. Msusi naye husimama nyuma, na mbele yake watu husema.

Goreth alipopata kiti cha dirishani kwa Maman Élisabeth, mwanamke wa Bukavu mwenye saluni, alianza kuwasimulia wateja habari za Vinifreda. Kichwa kimoja, sura moja. Mteja akirudi, sura inayofuata. Walirudi kabla nywele hazijachakaa. Maman Élisabeth hakuuliza sababu.

Siku Joséphine alipochungulia mlangoni na ndagala zake, Goreth alikuwa akisema hivi: "Mpelelezi wangu watu humsahau. Anakaa nyuma yao, wanasema yote, yeye anaweka. Sasa ananingoja nyumbani, leo tunamaliza." Joséphine hakununuliwa samaki siku hiyo. Akaondoka na maneno.

Jumamosi yakamfikia Estella akiwa kitini. Estella ni Mrundi, mama kijana, kaka yake alikuwa bado Bujumbura. Simu ililia, dada yake akamwambia jambo, Estella akainua macho kwenye kioo na kumtazama aliyekuwa nyuma yake. Upande wa kulia ulikuwa umesukwa, mistari myembamba kama uzi. Wa kushoto ulikuwa umesimama wima.

"Yaya Goreth, nashuka kununua vocha. Dakika moja." Alimwita yaya, dada mkubwa, kama siku zote.

Hakurudi. Ndipo Goreth akatoka kwenda kupigana kwenye ngazi. Mdomo uliponza kichwa, na hapa kichwa kilikuwa cha mtu mwingine.

Wiki iliyofuata kiti cha dirishani hakikukaliwa. Warundi hawakuja. Wakongo nao hawakuja, kwa sababu Mkongo haoni haja ya kujua ugomvi wa Warundi ili auogope. Goreth alikaa kitini mwenyewe, akafungua kitabu, akasoma. Dirishani! Mtu anayeshukiwa upelelezi, amekaa dirishani, anasoma, kila baada ya ukurasa anatazama barabara.

"Ficha hicho kitabu," Maman Élisabeth akamwambia.

"Nikikificha watasema nimeficha."

"Basi badilisha neno. Kwa nini ulisema mpelelezi? Ungesema détective! Détective kila mtu anamjua, iko kwenye televisheni."

"Nilikuwa nasema Kiswahili, Maman."

"Sema polisi."

"Vinifreda si polisi. Polisi ndio wanaokosea, kila kitabu."

"Sema mtafutaji."

"Mtafutaji wa nini? Wa kazi? Hapa wote ni watafutaji."

Maman Élisabeth alikuna kichwa chini ya wigi. Alikuwa amemjaribu kwa "mchunguzi" pia, lakini huyo alisikika kama mtu wa mbu na malaria. Mwishoni akaacha mambo ya lugha, akasema lililomleta: iko msichana kutoka Lubumbashi, mikono myepesi, hasomi kitu. Kiti kikibaki hivi mpaka Jumamosi, Jumatatu kinakuwa chake.

"Sikufukuzi," akasema. "Lakini kiti hakilipwi na ukungu wa Uingereza."

Bila kile kiti Goreth angerudi kufua nguo za watu, na hilo alikuwa amekwisha kulifanya.

Estella naye alikuwa na shida yake. Alifunga kitambaa wiki nzima, akasema ana kichwa kinauma, ikawa kweli kwa sababu ya kitambaa. Alikwenda kwa msusi mmoja karibu na soko, yule akafunua, akafunika tena. Msusi hamalizii kichwa cha mwenzake. Mstari wake na wako haikutani, na mteja akilalamika, alalamike kwa nani? Akaambiwa afumue chote, aanze upya. Akaenda hadi Isipingo kwa mwingine, akaambiwa vile vile, na yule wa pili akaongeza, "Aliyekusuka huku anajua kazi. Kwa nini ulimkimbia?"

Estella akafunga tena kitambaa, akarudi nyumbani.

Jumamosi, saa nne asubuhi, aliingia saluni na kitambaa chake. Aliketi kwenye kiti cha dirishani kabla hajasalimia. Goreth aliweka kitabu chini.

"Hukuogopa?" Goreth akauliza.

"Naogopa. Kesho tunabatiza mtoto wa dada yangu, naogopa picha zaidi." Akafungua kitambaa. "Na nimefikiri. Rahabu alikuwa na wapelelezi wawili, akawapandisha darini kwake, akawalisha. Mimi nishindwe kukaa chini ya mikono ya mmoja?"

"Mimi si mpelelezi, Estella."

"Najua. Mpelelezi gani anaita kwa sauti hivyo kwenye ngazi?" Akajitazama kwenye kioo, akajionea huruma. "Yaya, nani aliua yule mzee?"

Goreth alikuwa akitenganisha nywele za kushoto kwa ncha ya kitana.

"Mzee gani?"

"Usinifanyie hivyo! Yule tajiri, amekufa kwenye chumba cha piano, mlango umefungwa kwa ndani, ufunguo hauonekani. Siku saba silali vizuri. Mume wangu anadhani ni mambo ya nyumbani Burundi. Ni pasteur, si ndiyo? Yule mchungaji mwenye mikono baridi."

"Safari hii kichwa kwanza," Goreth akasema. "Mwisho wa habari utakuja na mstari wa mwisho. Mara ya kwanza nilikuamini, ukaenda kununua vocha."

Alisuka. Waliopita barabarani waliona mtu kitini, wakaona ni Mrundi, wakamtambua. Wawili walipanda kujua kama ana akili timamu. Mmoja akauliza kama baada yake iko nafasi. Maman Élisabeth, aliyekuwa akijifanya anafagia, akasema nafasi ipo, kisha akaingia chumba cha nyuma kumpigia simu msichana wa Lubumbashi asije Jumatatu.

Ilipobaki mistari mitatu, Goreth akaanza. Vinifreda alikuja kulinganisha piano ipigwe siku ya mazishi. Kibao kimoja cheupe kilikuwa bubu: ukikibonyeza, kinashuka, hakilii. Akainamisha kichwa ndani. Kati ya nyuzi ulikuwa umelala ufunguo wa chumba.

"Mama yangu!" Estella akasema.

"Tulia, utapinda mstari. Sasa, nani alifunga kwa nje, akautupa humo mlango ulipovunjwa? Watu wote wa nyumba ile walitaka piano ilie siku ya mazishi. Mmoja tu alimwambia Vinifreda getini, 'Usijisumbue, mama, hii piano ni mbovu, rudi nyumbani kabla ya ukungu.'"

Hapo Goreth aliona kitu kwenye kioo. Joséphine alikuwa amesimama mlangoni, beseni kiunoni. Hakuingia. Alikuwa akichagua ndagala moja moja kama mtu aliyesimama kwa sababu ya kazi, na sikio lote limegeukia ndani. Mkono wa Goreth ulikawia kwenye ule uzi wa rasta. Lile neno moja la msamaha alikuwa bado hajaambiwa. Lilikuwa midomoni mwa Joséphine, pengine, au halikuwepo kabisa. Estella naye akamwona kwenye kioo.

"Endelea basi," Estella akanong'ona. "Ni nani aliyesema getini?"

Goreth alikaza mstari wa mwisho, akapandisha sauti kidogo, ifike hadi mlangoni, Joséphine naye apate mwisho.

"Yule mpwa mpole wa marehemu," akasema, "aliyembebea Vinifreda mkoba."