Baba alimkata muzungu kwenye picha ya mavuno, Mama akaenda naye

Wakuu, salamu kutoka Kimanga, Uvira. Haya ni ya kwetu nyumbani, siongezi chumvi. Kiswahili changu cha huku mkivumilie.

Zamani tulikaa bonde la Ruzizi, kazi yetu pamba. Wakati wa Wabelgiji ulilima pamba utake usitake. Muzungu wa pamba alipita na kofia yake ngumu kukagua mistari.

Msimu mmoja wa mavuno, kijana mchoraji wa Lemera alilala kwetu. Alipoondoka akatuachia picha, ameichora kwenye kitambaa cha gunia.

Milima nyuma, bonde jeupe kwa pamba, wanawake wameinama na vitunga vyao. Mbele kabisa Mama, kitenge cha njano, ameinua uso anacheka. Muzungu amesimama nyuma yake, karibu mno, kichwa cha Mama kimechorwa juu ya shati lake.

Eh, tuliipenda! Majirani walikuja kujitafuta humo.

Uhuru ukaja, na miaka michache baadaye uasi. Maneno yakaenea: waasi wakikuta kitu cha wazungu kwako, umekwisha. Watu walifukia hata sahani.

Baba akashika wembe. Minye, yaani mimi, nilikuwa hapo, mtoto wa miaka kama saba. Akamkata muzungu kuanzia kofia hadi viatu, na kichwa cha Mama kikatoka naye. Akatupa kipande chote kwenye mbabula, juu ya makaa, picha iliyobaki akairudisha ukutani.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Ee baba Riziki, umenikata kichwa! Leo bugali utapikiwa na nani?"

Baba akamjibu, "Si weye uko hapa muzima? Picha iko na kazi gani?"

Waasi walikuja kweli. Wakaomba maji, Mama akawapa na bugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Wakala, wakashukuru, wakaenda.

Hakuna aliyetazama ukutani. Jamani, hata mmoja!

Vita viliposogea tukakimbilia milimani na picha yetu, upande wa Mulenge. Baridi ya kule ikamshika Mama kifua. Tulimzika huko huko.

Picha yake nyingine hatukuwa nayo. Bondeni nani alikuwa na kamera?

Nilipokuwa mkubwa nikampeleka Baba kwa mchoraji wa mjini, azibe lile tundu. Mchoraji akauliza, "Mama alikuwa na sura gani?"

Baba akataja kitenge cha njano, uso ukamshinda. Dada yangu akasema uso wa mviringo. Minye nikasema mrefu. Tukabishana mbele ya mchoraji hadi Baba akaanza kulia. Tukaikunja, tukarudi nayo.

Inaniuma mpaka leo, wakuu. Nilichojifunza ni hiki: kama mama yako yuko jikoni sasa hivi, inuka ukampige picha. Akisema hajasuka nywele, piga tu.

Na ninaomba kitu. Yule kijana wa Lemera alilala kwenye nyumba nyingi za bonde, na picha moja aliichora tena na tena. Kama kwenu iko ya mavuno ya pamba, mwanamke wa kitenge cha njano anacheka mbele ya muzungu wa kofia, tafadhali itupie hapa.

Baba alishaenda kumfuata Mama. Minye bado ninataka kujua, uso wa Mama ulikuwa wa mviringo ama mrefu.